Ambulensi ya kukodi kwa siku ya mbio za magari: tulicholipia na tulichopewa

Kwa misimu miwili nimekuwa mweka hazina wa klabu ndogo inayoandaa duru za autokrosi nje ya Nairobi, upande wa Athi River, na katika malipo yote yanayopita mikononi mwangu hakuna yanayozua mabishano kama ya ambulensi. Fedha za vyoo vya kukodi hakuna anayezihoji, za tingatinga la kusawazisha njia hakuna anayezihoji, lakini ikifika zamu ya ambulensi kila mjumbe wa kamati anamfahamu mtu mwenye gari la wagonjwa atakayelileta kwa nusu ya bei. Msimu uliopita tulimfuata mtu wa namna hiyo. Msimu huu tulikodi kampuni nyingine kwa bei kamili. Hapa natathmini huduma hizo mbili kwa ajili ya klabu na waandalizi wengine wa mashindano madogo, ambao pengine sasa hivi wanajadili fedha zilezile.

Kwanza nieleze kinachonunuliwa. Katika autokrosi magari hushindana na saa kwenye njia fupi ya udongo yenye kona nyingi, hayabanani bega kwa bega, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba hatari yake ni ndogo. Sivyo. Udongo mweusi wa Athi River ukikauka hupasuka na kuacha kingo ngumu, na gurudumu likinasa kwenye ukingo huo gari hupinduka hata likiwa katika mwendo ambao barabarani usingemshtua abiria. Tena wanaoshindana si watu wazima pekee, kwa kuwa lipo daraja la Bambino, ambalo ni la watoto, na wazazi wao husimama nyuma ya kamba wakitazama. Kanuni za mchezo, ambazo shina lake ni FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, na ambazo hapa Kenya zinasimamiwa na shirikisho letu la michezo ya magari, KMSF, haziruhusu gari kuondoka kwenye mstari wa kuanzia pasipo huduma ya dharura uwanjani. Maana yake ni kwamba ambulensi ikiwa moja na ikaondoka na majeruhi, mbio husimama. Jambo hilo ndilo linalopaswa kuongoza mkataba mzima, nasi msimu uliopita tulilijua kwa maneno tu.

Kampuni ya kwanza ilitutoza shilingi 15,000 kwa siku nzima. Makubaliano yalifanyika kwa simu, na karatasi pekee niliyobaki nayo ni ujumbe wa M-Pesa. Tulikubaliana wafike saa moja na nusu asubuhi. Walifika saa tatu kasorobo, madereva wakiwa wamekwisha kuvaa kofia zao. Ndani ya gari walikuwamo watu wawili, dereva na muuguzi kijana ambaye alikuwa hajawahi kufika kwenye mbio za magari. Nilipomwomba anionyeshe vifaa hakukataa. Mshale wa kipimo cha mtungi wa oksijeni ulikuwa umelala karibu kabisa na sehemu nyekundu. Mashine ya kufyonza damu na matapishi kinywani ilinguruma kwa sekunde chache kisha ikazimika, kwa kuwa betri yake haikuwa imechajiwa. Kola za shingo zilikuwa tatu, zote za watu wazima. Nilichukua moja nikampimia mwanangu mwenye umri wa miaka 9, ikamfunika kidevu na mdomo. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa mashindano nikamweleza nilichokiona, naye akaamua kwamba watoto wasikimbie hadi kola ndogo zitakapoletwa kutoka mjini. Watu wazima wakaanza.

Saa tano na dakika 20 bagi moja, yaani kigari chepesi cha mbio, ilipinduka mara mbili kwenye kona ya nne na kutulia kwa ubavu. Kizimba cha vyuma kilimkinga dereva na mikanda ilimshika barabara, lakini alilalamikia maumivu ya shingo na ganzi kwenye vidole vya mkono wa kushoto. Wasimamizi wa njia walifanya kama walivyofundishwa: walizima umeme wa gari, wakasimama tayari na vizima moto, na kwa kuwa hapakuwa na moto wakamwacha dereva palepale alipo. Kumtoa kwenye kiti cha mbio mtu anayeshukiwa kuumia shingo ni kazi ya mikono mingi, kwa sababu mmoja hana budi kushika kichwa tu na asifanye jambo jingine lolote, huku wengine wakimtelezesha taratibu kwenye ubao. Siku ile muuguzi alikuwa peke yake, na waliomsaidia walikuwa mafundi wa magari walioacha spana zao chini na kupokea maelekezo papo hapo. Picha alizopigwa hospitalini jioni zilionyesha kwamba shingo ilikuwa salama. Tulimshukuru Mungu, lakini usalama ule hatukuwa tumeulipia.

Ambulensi iliondoka saa tano na dakika 45 na kurudi saa saba na nusu. Kwa muda wa saa moja na dakika 45 bendera nyekundu ilibaki juu, jua likiwawakia watazamaji na washiriki waliotoka Nakuru na Mombasa tangu usiku. Dereva mmoja alinijia akasema, kwa heshima lakini kwa uchungu, "Mama, turuhusuni tuendelee. Pikapu ipo, na kati ya watazamaji daktari yupo." Mkuu wa mashindano ndiye aliyemjibu: "Kijana wangu, pikapu haina oksijeni. Tutasubiri." Nilimheshimu sana kwa jibu lile, maana kelele zilikuwa nyingi. Mzunguko wa mwisho ulifutwa, na kamati ikaamua kuwarudishia washiriki wote 34 shilingi 1,000 kila mmoja. Tukawa tumetoa shilingi 34,000 kwa kukosa ambulensi ya pili, ambayo baadaye nilikuja kujua kwamba tungeipata kwa 22,000.

Kosa jingine la siku ile lilikuwa mahali gari liliposimama. Lilikuwa chini ya mgunga, nyuma ya maegesho ya watazamaji, na lilipoitwa ilibidi magari mawili yaondolewe kwanza ndipo lipite. Wanaofuatilia mchezo huu wanazikumbuka mbio za Formula One za Monza, Italia, za tarehe 10 Septemba 1978, ambapo dereva Ronnie Peterson aligongwa mbio zilipoanza, akatolewa motoni na madereva wenzake, kisha akalala barabarani kwa zaidi ya dakika 10 kabla ya kufikiwa na ambulensi. Alifariki siku iliyofuata. Profesa Sid Watkins, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyekuwa ameanza kazi ya kusimamia tiba katika Formula One mwaka ule ule, alidai kwamba gari la daktari liyafuate magari ya mbio katika mzunguko wa kwanza, na hadi leo gari hilo hufuata. Sisi hatuna fedha za Formula One. Hata hivyo, kuchagua mahali ambapo ambulensi inaiona njia yote na ina lango lake yenyewe la kutokea ni jambo lisilohitaji fedha, na tulipoanza kutafuta kampuni ya pili hilo ndilo lilikuwa swali langu la kwanza: je, mtasimama wapi?

Kampuni ya pili haikujibu kwa simu. Kiongozi wao wa zamu alikuja uwanjani siku ya Alhamisi kabla ya mbio, akaizunguka njia yote kwa miguu, akauliza upepo huvuma kutoka upande gani ili vumbi lisiwazibe macho, kisha akachagua mwinuko ulio kati ya kona ya tatu na ya nne. Aliomba lango la nyuma lifunguliwe na lisisimamishiwe gari lolote. Aliandika majina ya hospitali mbili atakazozipigia simu kabla ya kuondoka na majeruhi, moja ya karibu na moja ya Nairobi, na akahesabu muda wa kufika mjini kwa Mombasa Road ya chini na kwa ile ya juu inayoanzia Mlolongo, kwa kuwa Jumapili jioni tofauti ya njia hizo mbili inaweza kuwa kubwa. Bei yao ilikuwa shilingi 28,000 kwa ambulensi ya kwanza na 22,000 kwa ya pili, saa kumi za kazi kila moja. Katika kila gari walikuja watatu, dereva aliyepata mafunzo ya dharura na wahudumu wawili, na mmoja wa wahudumu wa gari la kwanza alikuwa paramediki, yaani mhudumu wa dharura mwenye mafunzo ya juu. Saa moja na nusu asubuhi, kwa wakati tuliokubaliana, walifungua droo moja baada ya nyingine mbele yangu wakiwa na orodha mkononi, tukaweka saini pamoja.

Mchana, katika daraja la Bambino, msichana mmoja mdogo alikosa kona na kugonga ukuta wa matairi. Nilikuwa hatua kama 10 kutoka pale, redio mkononi, kwa hiyo niliyaona yote. Paramediki alikimbia akapiga magoti mbele kabisa ya bagi, si ubavuni, uso wake ukiwa sawa na uso wa mtoto. Akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Niangalie mimi hapa mbele. Usitikise kichwa, nijibu kwa mdomo tu. Unaitwa nani?" Mtoto alipokuwa akitaja jina lake, mwenzake alikuwa amekwisha kufika kwa nyuma na kuikamata kofia pande zote mbili. Baadaye nilipomuuliza alinieleza kwamba mtu aliyeumia ukimwita kutoka pembeni atageuka, na ukimuuliza swali la ndiyo au hapana atatikisa kichwa, ilhali shingo isiyopimwa haitakiwi kufanya lolote kati ya hayo. Mama wa mtoto alipofika akilia hawakumfukuza, walimwambia, "Mama, simama hapa anapokuona, zungumza naye." Kola waliyomfunga ilikuwa ya kipimo chake. Gari la pili likampeleka kupimwa, la kwanza likabaki mahali pake, na bendera ya kijani ikapanda baada ya dakika 19. Jioni ile ile mtoto alikuwa nyumbani.

Huduma hii nayo ina kasoro, na nimewaandikia wenyewe kuhusu kila moja. Tulipozidisha muda tulitozwa shilingi 3,000 kwa saa moja ya nyongeza, kiasi ambacho hakikuwamo kwenye nukuu ya bei niliyopewa. Mkataba uliwataja "washiriki" peke yao, na mzee mmoja alipozidiwa na jua kwenye jukwaa la watazamaji wahudumu walimhudumia kwa hiari yao, jambo ninalowashukuru, lakini siku nyingine wanaweza kuja wengine wanaosoma mkataba neno kwa neno. Kubwa zaidi ni kwamba wajibu wao unaishia mlangoni mwa hospitali. Dereva wetu wa msimu uliopita alidaiwa malipo ya awali mapokezini akiwa bado amelala kwenye machela, ingawa kifungu cha 43(2) cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kampuni ya ambulensi haina lawama katika hilo, ila mwandalizi asidhani kwamba akilipia gari amelipia na matibabu. Sasa kila mshiriki wetu huandika kwenye fomu namba ya bima yake na ya mtu wa kupigiwa simu, na nakala ya fomu hizo hukaa ndani ya ambulensi tangu asubuhi.

Kuhusu malipo yenyewe, ushauri wangu ni mmoja na ninausisitiza: ambulensi ilipwe kutoka kwenye ada za washiriki, kabla ya mapato ya langoni kuhesabiwa. Tulipokuwa tukitegemea kiingilio cha watazamaji, siku ya mvua ilikuwa ikitufanya tutafute pa kupunguzia, na macho ya kamati yalikuwa yakienda kwenye ambulensi kwa sababu ni gharama kubwa ambayo siku nyingi haionekani kufanya chochote. Shilingi 22,000 za gari la pili zikigawanywa kwa washiriki 34 ni kama 650 kwa kila mmoja, fedha ambazo kwa bei za sasa hazijazi lita nne za petroli. Nilipoiweka hesabu hiyo kwenye kikao cha madereva hakuna aliyepinga. Wawili waliuliza ni kwa nini hatukuwaambia mapema.

Kampuni ya pili naipa nyota nne kati ya tano, na tumeikodi tena kwa duru ijayo. Nusu ya malipo imekwisha kutumwa. Kwenye mkataba mpya nimeongeza neno "watazamaji" baada ya "washiriki", bei ya saa ya nyongeza imeandikwa kwa tarakimu, na klabu imekubali kuwapa wahudumu chakula cha mchana na hema la kivuli juu ya ule mwinuko, kwa sababu mara iliyopita walikaa juani kwa zaidi ya saa kumi.