Bonde la Vézère, Ufaransa: mapango, majabali na njia za miguu (uzoefu wangu)

Nianze na hukumu, maana najua wengi wetu husoma mistari miwili tukaondoka. Kama unapenda kutembea na una mtu mwenye gari, nenda. Kama unategemea mabasi, fikiri mara mbili. Na kama Ufaransa kwako ni Mnara wa Eiffel na maduka ya manukato, baki Paris, huku utachoka bure.

Bonde hili liko kusini-magharibi mwa nchi, katika Dordogne, eneo ambalo wenyeji wengi bado wanaliita Périgord. Mto Vézère umekata mawe ya chokaa mpaka yakabaki majabali marefu yaliyoinama kwa mbele kama baraza, na chini ya baraza hizo watu wameishi tangu enzi za Neanderthal, binadamu wa kale waliokwisha kutoweka. Nilifikia Les Eyzies, kijiji cha barabara moja kilichobanwa kati ya mto na mwamba kiasi kwamba nyumba nyingine hazina ukuta wa nyuma, mwamba ndio ukuta. Wifi yangu anaishi Bordeaux, na ndiye aliyeshika usukani. Ni mwendo wa kama saa mbili na ushee.

Mtaniuliza mtu aliyekulia Kondoa anafuata nini michoro ya mapangoni Ulaya, wakati ya Kolo iko nyuma ya nyumba. Nilimfuata Mary Leakey, yule mtafiti wa mambo ya kale. Watanzania wengi tunamjua kwa Olduvai na lile fuvu la Zinjanthropus aliloliona Julai 1959. Sisi wa Kondoa tunamjua kwa jambo jingine: mwaka 1951 alikuja akakaa kwetu, akawa anapanda vilima na kunakili michoro ya miambani mmoja baada ya mwingine. Ila huko kote alifika baadaye. Mwaka 1925, akiwa binti wa miaka 12, wazazi wake walikuwa wamepanga hapa hapa Les Eyzies wakati uchimbaji unaendelea, na yeye akaruhusiwa kuchakura lundo la udongo uliotupwa na wachimbaji. Akawa anaokota vipande vya gumegume na kuvipanga kwa aina. Nilitaka kuona mahali alikoanzia.

Haya, Lascaux, lile pango maarufu la michoro ya kale. Pango halisi huingii, wala usijisumbue kuuliza. Lilivumbuliwa na vijana wanne Septemba 1940, likafunguliwa kwa umma mwaka 1948, na kufikia 1963 pumzi za watu zaidi ya elfu moja kwa siku zilikuwa zimeanza kuotesha utando wa kijani ukutani. Waziri wa utamaduni wa wakati huo, André Malraux, akalifunga. Kinachotazamwa leo ni nakala, na hiyo inayoitwa Lascaux IV, iliyofunguliwa Desemba 2016 pale Montignac, ndiyo kamili zaidi. Pango lilipimwa kwa mionzi ya leza, kisha wasanii wakachora kila mnyama kwa mkono. Ndani kuna ubaridi wa pango kweli, chukua sweta hata kama nje jua linawaka. Tiketi inazidi yuro 20 kwa mtu mzima.

Inafaa? Inafaa. Yule fahali mkubwa ana urefu wa zaidi ya mita tano, na ukisimama chini yake unasahau kwamba ni nakala, mpaka umesikia kundi linalokuja nyuma yako. Kilichoniuma ni kingine. Pale Kolo michoro yetu, nayo iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, iko nje kwenye mwamba wazi, inapigwa na jua na mvua. Wenzetu nakala yao ina jengo la kioo na zege, lenye ubaridi unaopimwa. Nilitoka pale nimefurahi na nimenuna kwa pamoja.

Lakini roho ya safari ilikuwa Font-de-Gaume, nje kidogo tu ya Les Eyzies. Hili ni pango halisi, lenye rangi halisi, ambalo mpaka leo raia wa kawaida anaruhusiwa kuingia. Watu wanaoingizwa kwa siku ni wachache mno, kwa hiyo tafuta nafasi mapema kabla hata hujapanga mahali pa kulala. Unapanda njia ya miguu, unaacha begi nje, picha marufuku. Ndani ni ujia mwembamba. Mtu mwenye mwili kama wangu anapita kiubavu. Mwanzoni nilidhani nimeibiwa, maana nilikuwa naona ukuta mtupu wenye madoa. Kisha muongozaji akashusha tochi, akaipitisha kwa pembeni, na baisani, nyati wa Ulaya, akatokea: nundu, paja, jicho. Mchoraji hakuchora nundu ile, aliikuta. Ni uvimbe wa jiwe lenyewe, yeye akaongeza mstari na rangi tu. Mbele zaidi kuna reindia wawili, kulungu wa nchi za baridi, dume ameinamisha kichwa anamlamba jike paji la uso. Wamefifia sana. Wifi, ambaye njia nzima alikuwa akisema mapango yote ni sawa, alinishika mkono akaninong'oneza, "Wifi, huyu alikuwa anawapenda hawa wanyama." Sikuwa na la kuongeza.

Sasa njia za miguu, ambazo ni bure na ambazo wageni wengi wanazipita wakiwa ndani ya magari. Ufaransa ina mtandao mkubwa wa njia unaotunzwa na shirikisho la watembeaji pamoja na watu wa kujitolea, na ukishajua alama hupotei. Mstari mweupe juu ya mwekundu ni njia ndefu, GR. Moja yake, GR 36, inapita Les Eyzies. Mstari wa njano peke yake ni njia fupi ya kuzunguka na kurudi. Alama zikiwa zimekingamana kama X, umekosea, rudi. Zimepakwa kwenye miti, nguzo za umeme, pembe za maghala, popote. Beba ramani ya karatasi, kwa sababu mabondeni mtandao wa simu unakata.

Tulichopenda zaidi ni upande wa La Madeleine. Unapita misitu ya mialoni, mashamba ya miti ya jozi (walnut) yaliyopandwa kwa mistari, kisha unafika kijiji kilichojengwa ndani ya jabali, pamoja na kanisa lake dogo, juu kabisa ya mto. Chini yake ndipo mwaka 1864 kilipopatikana kipande cha pembe ya mamothi, tembo wa kale mwenye manyoya, kilichochongwa picha ya mamothi, na ubishi wa kama binadamu aliwahi kumwona mnyama huyo ukaishia hapo. La Roque Saint-Christophe nayo ni ya kwenda: jabali la urefu wa kilomita moja na kimo cha mita 80, lina ghorofa tano za asili. Mwenye kizunguzungu atazame ukutani.

Mambo ambayo hayaandikwi kwenye vipeperushi: kuna kupe, vaa suruali ndefu na ujikague jioni. Kuanzia majira ya kupukutika majani kuna wawindaji msituni wenye bunduki za kweli. Vaa rangi kali na ukiona kibao cha uwindaji geuza njia. Maji ya kunywa watembeaji huyachota kwenye bomba la makaburini, kwani karibu kila makaburi ya kijiji yana bomba. Mimi nilisita, mila zetu si hizo, lakini kiu haina mila. Angalia tu kusiwe na kibao kinachosema maji hayanyweki. Na msalimie kila mtu unayekutana naye njiani au dukani kabla hujauliza lolote. Hapo Mswahili hahitaji mafunzo.

Ukiwa na gari, ongeza kasri la Milandes, upande wa mto Dordogne. Ndipo alipoishi Josephine Baker, Mmarekani mweusi, mcheza dansi aliyekuja kuwa jasusi wa wapigania uhuru wa Ufaransa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alilea humo watoto 12 wa kuasili kutoka pande mbalimbali za dunia. Madeni yakamshinda, na mwaka 1969 akatolewa kwa nguvu; picha yake akiwa ameketi nje ya mlango wa jikoni inakata maini. Mwaka 2021 Ufaransa ikamwingiza Panthéon, jengo la Paris la kuenzi mashujaa wa taifa, katika jeneza lenye udongo wa sehemu alizoishi, wa Milandes ukiwamo. Mimi nilikaa chumba kwa chumba mpaka wifi akaja kunitafuta.

Chakula: huku bata ni mfalme, maini yake, mapaja yake, hata viazi vinakaangwa kwa mafuta yake. Anayekula halali pekee, kama sisi, atategemea kimanda, samaki, jibini ndogo za mbuzi na keki ya jozi. Tulishiba. Jikoni hufungwa mapema, ukifika saa nane na nusu mchana unaambiwa samahani. Sokoni Sarlat Jumamosi nunua jozi za kubeba.

Malalamiko yangu ni usafiri na malazi. Treni hadi Les Eyzies ipo, kupitia Périgueux, lakini ni chache na mapango mengine yako mbali na kituo. Nyumba ya wageni tuliyopanga, siitaji, ilitangaza "dakika tano hadi kijijini" bila kusema ni dakika tano za gari, mlima mtupu.

Nenda Mei, Juni au Septemba. Agosti ni foleni na joto. Majira ya baridi sehemu nyingi hufunga. Nimewapa nyota nne kati ya tano. Ile moja ni ya mabasi.