Tahadhari: Raleigh "orijino" ya gea tatu inayouzwa hapa Mombasa

Asalaam aleykum ndugu zangu wapenda baisikeli za kizamani. Nawaomba msome hadi mwisho, hasa wewe ambaye umeshaambiwa utume arbuni leo leo kabla mwenzio hajaiwahi. Kuna mtu hapa mjini anauza baisikeli kwa jina la Raleigh ya Uingereza ya miaka ya hamsini, na anachokuletea ni fremu iliyopasuka ikazibwa kwa puti, ule udongo wa kuzibia mabati, na kupulizwa rangi nyeusi. Pesa zangu zimekwenda, 22,000. Kinachoninyima usingizi zaidi ni kwamba chuma kile kingekatika nikiwa nimempakia binti yangu wa miaka sita.

Nina gereji ndogo nyuma ya nyumba, Tudor. Hatuna gari, kwa hivyo pale ndipo ninapofanyia kazi zangu jioni. Marehemu babu alikuwa akichukua samaki kwa baisikeli ya breki za vyuma, na kwa miaka nimekuwa nikikusanya vitu vya kujenga inayofanana nayo, ila kwa matumizi yangu: rangi ya kijani iliyoiva, keria imara yenye kiti cha mtoto, taa ya dainamo, na kiti cha ngozi cha Brooks nilichokwisha kununua. Kilichobaki kilikuwa fremu yenyewe na habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, ya gea tatu ya kampuni ya Sturmey-Archer, ile aina ya AW.

Niwaeleze kwa nini watu wanaitaka habu hiyo, maana ndiyo chambo chake. Gea zote tatu zimo ndani ya habu. Hakuna cheni ya kuruka, hakuna mchanga wala maji ya chumvi yanayofika kwenye meno, na kwetu pwani hilo ni jambo kubwa. Ya kati inakwenda moja kwa moja, ya chini inapunguza mwendo kwa robo, ya juu inauongeza kwa thuluthi. Kupanda Nyali Bridge na mtoto nyuma, ile ya chini ndiyo inayokufikisha. Tena kiwanda kilikuwa kikipiga muhuri kwenye chuma cha habu: herufi AW, halafu tarakimu za mwaka na za mwezi. Ukiona 58 na 3, habu ile ni ya Machi 1958.

Tangazo lake lilikuwa na picha nzuri. Nilimwandikia kwenye WhatsApp nikamwomba picha ya muhuri wa habu, akanirushia palepale: AW, 58, 3, inang'aa, imepigwa kwa karibu. Nikasema huyu anajua anachouza. Bei 22,000, arbuni 15,000 kwa M-Pesa. Nilipotaka kutuma, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, silo alilonipa yeye. Akasema ni laini ya mke wake. Nikabonyeza. Niliposema nije kuiona kwake Kisauni, siku ya kwanza alikuwa na msiba, ya pili amesafiri Malindi, na siku ya tatu akaniambia tayari ameipakia kwenye tuktuk.

Ilifika karibu na Makupa baada ya magharibi, imefungwa nailoni ya godoro kuanzia usukani hadi madigadi ya nyuma. Dereva wa tuktuk, maskini, hajui lolote, ameambiwa tu asiiteremshe kabla ya salio kuingia. Muuzaji yuko kwenye simu ananihimiza kwamba dereva ana mzigo mwingine. Nikamulika kwa tochi ya simu, nikaona nembo ya korongo mbele, nikaona kipini cha gea kwenye usukani, nikatuma 7,000. Nembo ni kibati cha riveti mbili tu, na mwenye drili huitia kwenye baisikeli yoyote. Nilikuwa nalijua hilo, na bado nililipa.

Nilipoifungua gerejini, kitu cha kwanza nilichofuata ni waya wa gea. AW ya kweli ina mnyororo mwembamba, kama wa shingoni, unaoingia ndani ya ekseli upande wa kulia, na waya wa gea unashikana nao. Huu wangu ulishuka kutoka kwenye kipini, ukafuata fremu vizuri kabisa, ukafika karibu na gurudumu la nyuma, ukafungwa kwa kipande cha waya wa kufungia nondo. Basi. Hauingii popote. Habu yenyewe ni ya gea moja, laini, haina herufi hata moja.

Nikachukua sumaku. Huwa naitumia kuokotea gololi zikianguka sakafuni. Nikaipitisha kwenye bomba la juu, ikashika. Bomba la chini, ikashika. Nilipofika pale bomba la chini linapokutana na shingo ya usukani, sumaku ikaniteleza mkononi kama nimeiweka kwenye ubao. Nikapiga msasa. Rangi nyeusi ikatoka, chini yake ukatoka unga wa waridi, puti, unene wa karibu nusu kidole. Niliendelea mpaka chuma kikaonekana, na chuma chenyewe kina ufa uliozunguka zaidi ya nusu ya bomba, umechomelewa juu juu kwa umeme, matone matone. Fremu za aina hii mabomba yake huingizwa kwenye soketi na kuunganishwa kwa shaba ya kuyeyusha. Ukiona matone ya chomelea ya umeme hapo, ujue ilishavunjika. Nilikaa chini kwenye sakafu nikaliangalia lile bomba muda mrefu.

Asubuhi nikampelekea fundi wetu mzee wa Bondeni, tunamwita Ami. Hakusema kitu. Alitoa pini za krenki, akavuta ekseli, akachukua kikombe cha bearingi cha Raleigh ya zamani kutoka kopo lake la maziwa akajaribu kukiingiza. Kikazunguka nusu raundi kikakwama. "Mwanangu," akaniambia, "Raleigh ya Nottingham ya siku zile ina hesi, yaani mistari ya skrubu, ishirini na sita kwa inchi. Hii ni ishirini na nne. Umeuziwa jina." Kisha akaongeza kwamba hii si ya kwanza kuletwa kwake mwaka huu ikiwa na puti mahali pale pale.

Nilimpigia muuzaji. Hakukana! Alinisikitikia kwa maneno matamu, akasema kweli kumetokea makosa, fremu yangu halisi na habu ya 58 zimo kwenye kontena Kilindini, nitume 3,500 tu za kulipia kodi aniletee, na hii mbovu nibaki nayo. Hapa muwe macho sana, kwa sababu aliyekwisha kupoteza 22,000 huona 3,500 ni kidogo ya kuokolea nyingi. Ushuru wa bandarini hulipwa KRA kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo wao, hauingii kwenye simu ya mke wa mtu. Nilipomwambia hivyo akanifungia. Nikapeleka ujumbe wa muamala kwenye 456 ya Safaricom kuomba pesa irudi. Ilikuwa imeshatolewa.

Kwa mwenye kutaka kununua, kwa huyu au kwa mwingine: nenda mchana, na sumaku mfukoni. Ipitishe kwenye kila maungio, hasa shingo na juu ya foki. Mwombe akupigie picha ya muhuri wa habu ikiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo pembeni. Mimi niliridhika na picha tupu, na baadaye nimeikuta picha ile ile kwenye matangazo mawili ya nyuma yenye baisikeli tofauti. Inua gurudumu la nyuma ulizungushe huku ukibadilisha gea, usikie kama kuna mabadiliko. Rangi mpya inayong'aa kwenye baisikeli yenye umri wa zaidi ya miaka sitini iwe sababu ya kuuliza. Mimi sasa afadhali ninunue yenye kutu, kwani kutu haifichi ufa.

Nimeandikisha ripoti polisi na nina namba ya OB. Afisa aliyenipokea alinieleza kwamba kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na kesi huwa na nguvu walalamikaji wakiwa wengi. Pia kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi milioni moja. Kwa hivyo kama nawe umeuziwa, usione haya, niandikie faraghani. Nimehifadhi mazungumzo yote, jumbe zake mbili za sauti na ujumbe wa M-Pesa, na nitakuonyesha namba yake uilinganishe na yako. Hapa hadharani siiweki, maana laini ni ya mtu ambaye huenda hana habari.

Fremu nimeikata kwa msumeno katikati ya ufa ili isije ikarudi sokoni. Kiti cha Brooks kimo kwenye rafu kinangoja.

Juzi usiku tangazo jipya limetoka. Picha ni ile ile ya habu, 58 na 3, ila kwa maelezo baisikeli sasa ni ya 1954, na bei imepanda hadi 25,000. Anasema yuko Likoni safari hii.