Fomu ya POLST kwenye makao ya wazee: karatasi nzuri, kumbukumbu zinaiangusha

POLST ni fomu ya maagizo ya daktari kuhusu matibabu ya kurefusha uhai. Ilianza kubuniwa Oregon, Marekani, mwaka 1991, na tangu 2019 lipo toleo la kitaifa. Kama fomu, inastahili sifa. Sehemu A inauliza: moyo ukisimama, afufuliwe au asifufuliwe? Sehemu B: matibabu yafike wapi? Yote, ya kuchagua (yaani baadhi tu), au faraja tu. Muuguzi wa zamu ya usiku anaielewa akiwa bado mlangoni.

Kosa la ujazaji la kuangalia ni "afufuliwe" kwenye A na "faraja tu" kwenye B. Haviendani, kwani anayefufuliwa kwa kawaida huishia kwenye mashine ya kupumulia. Toleo la kitaifa linasema wazi kwamba anayetaka kufufuliwa achague matibabu yote.

Udhaifu mkubwa uko nje ya fomu. Matakwa yaleyale huandikwa pengi: karatasi (mara nyingi ya waridi) mbele ya faili, agizo kwenye kompyuta, mpango wa huduma, pengine na bangili ya mkononi. Ukibadilisha mahali pamoja, kwingine hakubadiliki. Hatari zaidi ni mkazi anaporudi kutoka hospitalini. Maagizo huandikwa upya, na pasipo agizo la kukataza, wahudumu hufufua. Karatasi iliyosema "asifufuliwe" imo kwenye mfuko wa nguo zake.

Dawa yake ni kazi ya dakika chache. Kabla zamu haijabadilishana, wauguzi wawili wasomeane kwa sauti, mmoja na karatasi, mwenzake na kompyuta: jina, tarehe ya kuzaliwa, A, B, sahihi ya mtabibu, sahihi ya mkazi au mwakilishi wake, tarehe. Fomu ya zamani ipigwe mstari na kuandikwa kuwa imebatilika. Skani yake nayo iondolewe juu kwenye kompyuta, maana ndiyo itakayofunguliwa saa nane za usiku.

Fomu ipitiwe upya mkazi akihamishwa, afya ikibadilika sana, au akibadili nia. Tunashauri pia kila tathmini ya miezi mitatu. Aulizwe yeye kwanza, mtoto wake baadaye, na fomu ya zamani isisomwe kabla hajajibu.

Tunachokipinga kabisa ni kuitia kwenye rundo la karatasi za lazima za siku ya kupokelewa. POLST ni ya hiari, na imekusudiwa mtu aliye mgonjwa sana au dhaifu sana.