Uzi wa Kampala ulionikatikia Naivasha

Sikukusudia kuandika lolote kuhusu duka lile la vifaa vya uvuvi la Kampala, maana mtu wa umri wangu huzoea kumeza maneno. Lakini kuna kauli moja niliyoambiwa pale mbele ya wateja wenzangu ambayo hunirudia kila nikikaa kwenye cherehani: “Mzee, uzi hauna kosa, ni mikono yako ndiyo imezeeka.” Mimi ni fundi nguo. Nimeshona hapa Jinja kwa zaidi ya miaka 30, na mtu akinilaumu kwa bei, au kwa kuchelewesha suruali ya harusi, nitamsikiliza na pengine nitamwomba radhi, lakini wa kunifundisha namna ya kushika uzi bado sijamwona.

Shemeji yangu anayefanya kazi Nakuru alikuwa amenialika mara nyingi twende naye Ziwa Naivasha kuvua besi, yule samaki mwenye asili ya Marekani aliyepandikizwa ziwani humo katika miaka ya 1920. Huku kwetu nimezoea sangara na ngege, tena kwa ndoana nzito na mshipi mnene unaokaribia kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo alinionya mapema kwamba huko tungevua kwa mtindo wa dropushoti, ambao hautaki ubabe. Chubwi, yaani kile kizito cha kuzamisha mshipi, hufungwa mwisho kabisa, na ndoana hufungwa juu yake, umbali wa sentimita 30 hadi 45, ili chambo cha mpira kielee juu ya matope na majani badala ya kulala chini. Kisha mvuvi huulegeza mshipi kidogo na kuitikisa ncha ya fimbo, chambo kikatetemeka papo hapo bila kuondoka mahali pake, hadi samaki aliyekuwa akikitazama tu ashindwe kuvumilia.

Katika uvuvi wa namna hiyo mshipi ndio roho ya kazi. Ndoana ni ndogo na nyembamba, chubwi ni la gramu 7 au chini ya hapo pasipo na kina kirefu, na samaki mwenyewe huweza kuuma kwa mguso mdogo kama wa mtoto anayevuta upindo wa kanzu ya babu yake. Ndiyo maana shemeji alisisitiza ninunue mshipi wa fluorokaboni, aina ya plastiki nzito, unaohimili uzito wa ratili 8, wala si nailoni: haunyumbuki sana, kwa hiyo mguso hufika mkononi, huzama wenyewe, na mwanga hupinda ndani yake karibu kama unavyopinda ndani ya maji, hivyo samaki hauoni kwa urahisi. Niliyaandika yote hayo kwenye karatasi ninayoandikia vipimo vya wateja, nikapanda matatu kwenda Kampala.

Kijana wa dukani aliisoma karatasi ile, akanyoosha mkono kwenye dirisha la kioo linalotazama barabara, akatoa kibunda cha mshipi kilichokuwa kimepangwa pale pamoja na ndoana zinazometameta. Jua la alasiri lilikuwa likipiga moja kwa moja kwenye kioo kile, na pembe moja ya kijisanduku ilikuwa imekwisha pauka. Nililiona hilo. Mtu anayenunua vitambaa kwa riziki yake analijua jua na ubaya wake, kwa kuwa kitambaa kilichowekwa dirishani hakiuzwi kwa bei ya kilichomo kabatini, na bado nililipa bila neno, kwa sababu maandishi ya kijisanduku yalisema fluorokaboni na mimi niliyaamini kuliko macho yangu.

Sasa nije Naivasha. Asubuhi moja tulivu, mashua ikiwa imesimama kando ya mafunjo na viboko wakikoroma kwa mbali, besi wa kwanza aliuma. Sikumvuta kwa nguvu. Niliinua fimbo polepole kama nilivyofundishwa, nikahisi uzito, kisha nikahisi utupu. Mshipi ulikuwa umekatika kwenye fundo, na ncha yake ilikuwa imejikunja kama mkia wa nguruwe. Shemeji aliiangalia akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimelilowanisha fundo kabla ya kulikaza, kwani mshipi mkavu ukikazwa hujisugua, hupata joto na kuungua bila macho kuona. Nilijibu kwamba nimelilowanisha. Kusema kweli, sina hakika. Mimi ninayeulamba uzi kila siku kabla ya kuutunga sindanoni huenda siku ile, kwa pupa ya samaki wa kwanza, nilisahau kuulamba.

Nikafunga upya, safari hii shemeji akinitazama. Niliukunja mshipi mara mbili, nikaupitisha kwenye tundu la ndoana, nikafunga fundo la kawaida, nikaipitisha ndoana nzima ndani ya kitanzi, nikatia mate ya kutosha na kukaza taratibu. Kisha nikaurudisha mkia wa mshipi ndani ya tundu kutoka juu, ili ndoana isimame wima ikiwa imetazama juu. Ni fundo zuri mno, nami nakiri kwamba limenifurahisha kuliko mengi niliyojifunza uzeeni. Besi wa pili alipouma, fundo halikuhama hata unywele. Mshipi ulikatika shubiri mbili juu ya fundo, mahali pasipo na fundo wala jiwe wala jani. Wa tatu alifanya vilevile. Shemeji akanikatia mshipi kutoka kwenye kibunda chake, na kwa mikono hii hii inayosemwa imezeeka nikatoa besi wanne kabla ya jua kuwa kali.

Ninataka msomaji alishike jambo hilo la shubiri mbili, kwa sababu ndilo nililokwenda kulieleza dukani niliporudi Uganda, na ndilo ambalo kijana yule hakutaka kulisikia. Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba fundo likiwa baya mshipi hukatikia kwenye fundo, bali ukikatika katikati, mahali palipo wazi, basi mshipi wenyewe umeoza. Hakuugusa. Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye simu yake. Alitamka ile kauli yake kuhusu mikono yangu, wateja wawili wakacheka, nami nikatoka nikiwa nimesahau mwavuli wangu kwenye kaunta, mwavuli ambao sikurudi kuuchukua siku ile kwa sababu ya hasira.

Nyumbani nilijaza maji kwenye bilauri, nikakata kipande cha mshipi wangu na kipande cha mshipi wa shemeji, vyote urefu wa ukucha, nikavilowanisha na kuvisukuma chini ya maji kwa ncha ya sindano. Cha shemeji kilikwenda chini moja kwa moja. Changu kilishuka kwa kusitasita, kama mtu asiyetaka kuingia mtoni. Ndivyo nailoni inavyofanya, kwa kuwa uzito wake unakaribia ule wa maji, ilhali fluorokaboni ni nzito zaidi. Kwa hiyo niliuziwa nailoni ndani ya kijisanduku cha fluorokaboni, tena nailoni iliyobanikwa dirishani, na jua huidhoofisha nailoni vibaya. Sidai kwamba duka lilifanya hivyo kwa makusudi. Huenda mteja mwingine alirudisha mshipi kwenye kijisanduku kisicho chake, huenda kosa lilianzia kwa aliyewauzia. Nailoni yenyewe nayo si kitu cha kudharau: ikiwa mpya ingeweza kuwatoa besi wale, maana hakuna hata mmoja aliyefika kilo mbili.

Nilirudi dukani wiki moja au mbili baadaye, nikiwa na bilauri iliyofungwa kwa gazeti ndani ya mfuko. Bahati nzuri nilimkuta mama mwenye duka. Alinisalimu vizuri, akanipa kiti, akatazama vipande viwili vikishuka majini hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaniambia, “Pole sana, mzee wangu, hapo umeonewa.” Alinipa kibunda kingine kutoka kwenye droo ya chini, ambako hakuna jua, na tukakijaribu pale pale, kikazama. Aliagiza vile vilivyobaki dirishani viondolewe. Kama ningeandika maoni haya jioni ile, ningelisifu duka lile hadi watu waseme nimelipwa.

Na lazima niseme ukweli kuhusu fimbo, ambayo nayo niliinunua pale siku ile ya kwanza, ya futi 7, yenye ncha laini na kiuno kigumu. Sijawahi kushika kitu chenye hisia kama hicho. Chubwi likigusa jiwe najua ni jiwe, likigusa tope najua ni tope. Siku hizi naitumia hapa Jinja penye mawe, kwa mtindo ule ule, nikiwapata sangara wadogo ambao nawarudisha majini, kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuchukua sangara aliye chini ya sentimita 50. Kwa sababu meno ya sangara yanakwaruza kama msasa, hufunga ndoana kwenye kipande kinene zaidi cha mshipi. Mshipi ule wa droo ya chini haujanikatikia hata mara moja.

Kwa hiyo nilikuwa nimeamua kuwapa nyota nne. Halafu mwezi uliopita nilipita pale kununua machubwi, kijana yule akiwa peke yake. Aliyahesabu machubwi, akapokea pesa, akanirudishia chenji bila kuniangalia usoni, na nyuma yake, kwenye ndoo ya kona, niliuona mwavuli wangu. Nilipoudai aliuliza nina ushahidi gani kwamba ni wangu. Nikamwonyesha mshono wa kiraka nilioushona mwenyewe karibu na mpini, mishono midogo iliyolingana ambayo mashine haiwezi kuifikia, nikamwomba anitajie ni mikono ya nani iliyoushona. Aliutoa mwavuli kimya. Pole hakusema, wala siku ile wala sasa. Naweka nyota mbili, na zote mbili ni za mama yule.