CoaguChek XS: kujipimia INR nyumbani baada ya kuwekewa valvu

Aliyewekewa valvu ya moyo ya chuma hunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, maisha yake yote. Kwa valvu ya aota, INR (namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda) hutakiwa kwa kawaida iwe 2.0 hadi 3.0, ya mitrali, 2.5 hadi 3.5. Ikishuka, donge la damu linaweza kuikwamisha valvu. Ikipanda, damu huvuja. Kwa anayekaa mbali na hospitali, CoaguChek XS, mashine ya kampuni ya Roche inayopima INR kwa tone la damu ya kidole, inafaa sana, ila inataka utulivu.

Kila kopo la stripu (vipande vya kupimia vinavyopokea tone la damu) lina chipu yake ya kuingiza kwenye mashine. Hakikisha namba ya chipu na ya kopo zinalingana. Nawa kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, kisha kausha kabisa, maana maji au spiriti ikibaki kidoleni majibu huharibika. Ning'iniza mkono, choma ubavuni mwa ncha ya kidole, minya taratibu, na tone la kwanza liguse stripu ndani ya sekunde 15. Liwe limejaa. Likipungua usiongezee la pili: utaona ERROR 5 na stripu imekwenda. Wengi hupotezea hela hapo, kwani stripu ndizo zinazonunuliwa kila mara. Ukipatia, majibu hutoka baada ya kama dakika moja.

Pwani, tatizo ni joto na unyevu. Stripu hutunzwa kwenye nyuzijoto 2 hadi 30, na chumba cha bati Dar es Salaam mchana wa Februari hupita hapo. Ziweke kwenye friji, siyo friza. Ukitoa moja, funga kopo palepale, uitumie ndani ya dakika 10.

Majibu ya juu yasiaminiwe peke yake. Mwaka 2018 baadhi ya stripu zilirudishwa kiwandani kwa sababu majibu yaliyozidi 4.5 yalitoka makubwa kuliko ukweli. Ukiona namba kama hiyo, wahi hospitali wapime damu ya mshipa. Mwenye damu pungufu sana, hematokriti (sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu) chini ya 25%, naye asiitegemee.

Kujipima nyumbani hakuondoi kwenda kliniki. Nenda na mashine na daftari, ujipime siku ileile wanapokutoa damu. Tofauti ikizidi 0.5 waambie, usiguse dozi mwenyewe. Daftarini andika pia Flagyl au Septrin uliyomeza (hupandisha INR), rifampisini ya TB (huishusha), na wiki ulizozidisha kisamvu au mchicha. Mboga hazikatazwi, ila kiasi kisirukeruke. Diklofenaki ya maumivu ya kidonda usiinunue kabisa bila kumuuliza daktari wako: ikikutana na warfarini, tumbo linaweza kuvuja damu hata INR ikiwa sawa.