Uzoefu wangu: Firefox na Privacy Badger kwenye simu inayoshikwa na nyumba nzima

Kama una simu ya Android na kila mtu nyumbani anaishika, nakushauri uweke Firefox, ambayo ni brauza (programu ya kufungulia tovuti), pamoja na kiongezo chake kinachoitwa Privacy Badger, kinachozuia kampuni zinazokufuatilia mtandaoni, halafu ufute kitambulisho cha matangazo cha simu yenyewe, yaani alama ambayo programu za simu huitumia kukutambua ili zikuletee matangazo. Vyote ni bure. Navitumia hapa Mwanakwerekwe, Unguja, tangu kabla ya Ramadhani iliyopita na sina nia ya kurudi nilikotoka.

Kilichonisukuma ni maradhi. Daktari aliniambia nina uvimbe kwenye kizazi, nami nikawa nakaa usiku kusoma: unatibiwaje, unazuia uzazi, upasuaji ukoje. Aliyejua ni mume wangu tu. Haukupita muda, kila ukurasa ukawa na tangazo la dawa ya kuyeyusha uvimbe au kliniki ya wanaotafuta mtoto. Yakatokea kwenye matokeo ya mpira anayofungua mwanangu, yakatokea kwenye kurasa za darsa anazosoma mavyaa wangu kwa simu hiyo hiyo. Mavyaa ni mtu wa heshima, hakuniuliza kitu. Lakini jioni moja baada ya Maghrib nilimsikia ananiombea shifaa na uzazi kwa jina langu, na mimi sikuwa nimemwambia. Dua yake naipokea kwa mikono miwili. Kilichoniuma ni kuwa habari ya mwili wangu imemfikia kwa njia ya watu nisiowajua.

Ukurasa wa afya unaousoma huwa na vipande vya programu za kampuni nyengine: za matangazo, za kuhesabu wageni, za mitandao ya kijamii. Vipande hivyo huacha vidakuzi, yaani kumbukumbu ndogo za kukutambulia, kwenye brauza yako. Kampuni hiyo hiyo ikiwa na kipande chake kwenye ukurasa wa mpira, inakutambua kuwa ni yule yule aliyekuwa akisoma habari za uvimbe jana usiku. Haijui kama aliyeshika simu sasa ni mtoto wa skuli.

Nilianza na njia ya kuomba. Kampuni za matangazo zimeweka kurasa za kujitoa: unabonyeza, unaambiwa tayari. Tatizo ni kuwa jawabu lako linahifadhiwa kwa kidakuzi. Ukisafisha brauza, na mwenye simu ya nafasi ndogo anasafisha kila mara, kujitoa kwako kumefutika, unahesabiwa mgeni mpya. Tena mara nyingi unachojitoa ni kuonyeshwa matangazo yanayokulenga tu; kukusanywa kwa taarifa kunaweza kuendelea. Ile alama ya zamani ya kuziomba tovuti zisikufuatilie, Do Not Track, ilipuuzwa na tovuti nyingi mpaka kikundi kilichokuwa kikiiandikia utaratibu kikafungwa mwaka 2019, na Firefox yenyewe ikaiondoa mwaka 2025.

Siku hizi iko alama nyengine, Global Privacy Control, ambayo inaiambia tovuti isiuze wala kugawa taarifa zako. Huko California sheria inalazimisha iheshimiwe. Mwaka 2022 kampuni ya vipodozi ya Sephora ilikubali kulipa dola milioni 1.2 katika kesi ambayo moja ya tuhuma ilikuwa kuipuuza alama hiyo. Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ni jambo la kushukuru. Lakini kampuni zilizonifuata mimi hata majina yake sikuyajua. Ningemwandikia nani? Alama nimeiwasha, ila siitegemei.

Kilichofanya kazi ni kuzuia. Kwenye mipangilio ya Firefox kuna kinga dhidi ya wafuatiliaji. Mimi niliipandisha kutoka daraja la kawaida hadi daraja kali. Vidakuzi vya kila tovuti vinawekwa mbali na vya nyengine, kwa hivyo kampuni iliyokuona kule haikutambui huku. Nilifungua tena ukurasa ule ule wa uvimbe, nikabonyeza ngao iliyo pembeni mwa anwani. Ikaja orodha ya waliozuiwa, majina mengi sijapata kuyasikia, na wote walikuwa wamejipanga nyuma ya makala moja fupi. Nilikaa nikiyasoma jina kwa jina.

Privacy Badger inatengenezwa na Electronic Frontier Foundation, taasisi ya Marekani isiyotafuta faida. Kila mfuatiliaji ana kitufe cha kusogeza: nyekundu amezuiwa kabisa, manjano anaruhusiwa ila vidakuzi vyake vinazuiwa, kijani ameachiwa. Huna haja ya kuvigusa ila tovuti ikigoma. Mimi iliyonigomea ni moja ya kukatia tiketi ya boti, ukurasa wa malipo haukufunguka. Nikaizimia kinga tovuti hiyo peke yake, nikalipa, nikairudisha. Na kwa kuwa vitu vingi havipakuliwi tena, kurasa zinafunguka upesi na bando linakaa.

Kitambulisho cha matangazo kinafutwa kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya Google, kisha matangazo. Ukiwa hapo, ingia pia kwenye mipangilio ya matangazo ya akaunti yako. Unaweza kuomba upunguziwe matangazo ya pombe, kamari, kutafuta wachumba, uzazi na kupunguza uzito. Wazee wenye watoto wanaoshika simu zao wasiliache hili.

Pasipofika kinga hii ni ndani ya programu nyengine. Ukibonyeza kiungo kwenye mtandao wa kijamii, mara nyingi kinafunguka humo humo ndani ya programu, na Firefox haihusiki. Mimi hubonyeza vidoti vya pembeni nikachagua kufungua kwenye brauza. Wifi yangu aliyeko Wete, Pemba, nilimwelekeza yote haya kwa simu na hapo ndipo alipokwama, kwa sababu karibu kila anachosoma kinamjia kwa viungo vya aina hiyo.

Matangazo bado nayaona, ya hoteli, ya mikopo, ya simu mpya. La uvimbe sijaliona tena, na habari zangu nimemweleza mavyaa mwenyewe, kwa wakati nilioutaka.

Wenye iPhone kazi yao ni nyepesi kidogo: tangu toleo la iOS 14.5 la Aprili 2021, programu inalazimika kukuomba ruhusa kabla ya kukufuatilia kwenye programu na tovuti za kampuni nyengine. Kataa kila inapouliza, au zima kabisa ruhusa ya kuuliza kwenye mipangilio ya faragha.