Baiskeli ya lami kwa safari za kila siku: anza na gurudumu la nyuma

Wadau wa baiskeli, karibuni tena. Leo mezani nina gurudumu la nyuma, moja tu, na nataka tulichambue mpaka kwenye gololi. Maswali yenu mengi yanaangukia huku huku: spoku zinakatika, rimu inayumba, raba za breki zinasugua. Ukiendesha baiskeli ya lami kwenda kazini kila siku, iwe ni kutoka Kimara au Tegeta, gurudumu la mbele halitakusumbua sana. La nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito wako, linabeba na begi kama umefunga keria, halafu cheni inalivuta. Kwa hiyo kama bajeti yako inatosha gurudumu moja zuri, liwe hilo.

Hili limesukwa kwa mkono. Rimu ni DT Swiss R460, habu, yaani kitovu cha gurudumu, ni Shimano 105 iliyotoka kwenye baiskeli ya mtumba, spoku ni Sapim Race, na ziko 32. Naomba mshike hiyo namba. Magurudumu mepesi yanayokuja na baiskeli za mashindano mara nyingi yana spoku 20 au 24 nyuma. Ni mazuri, yanakimbia, na kama unashindana sina ugomvi nayo. Shida inakuja siku spoku moja inapokatika. Kwenye spoku 20 kila moja imebeba mzigo mkubwa, kwa hiyo moja ikiondoka rimu inavutwa upande mmoja, inakwama kwenye breki, na wewe unatafuta bajaji ya kupakia baiskeli. Kwenye 32, unalegeza breki kwa kile kikono chake kidogo cha kufungulia, unasokota spoku iliyokatika kwenye jirani yake isipigepige, unakwenda nyumbani taratibu ukitumia breki ya mbele.

Sasa sogeeni mwone hapa. Spoku hii ina unene wa milimita 2 kwenye kiwiko, yaani pale inapopinda, na kwenye uzi wa kukazia nati, lakini katikati imepunguzwa ikawa 1.8. Wapo wanaouona wembamba huo wakaogopa. Msiogope. Katikati ikiwa nyembamba, spoku inanyumbulika kidogo gurudumu linapogonga shimo, na kishindo chote hakiishii kwenye kiwiko, pale inapoingia kwenye habu. Na hapo ndipo spoku nyingi hukatikia. Zinakatika kwa uchovu: kila gurudumu likizunguka, spoku iliyofika chini inalegea kidogo, ikipanda inakaza tena. Safari ya kilomita 15 ni mizunguko kama 7,000. Spoku iliyolegea tangu mwanzo inachezacheza zaidi, inachoka mapema. Ndiyo maana fundi anayekaza spoku sawasawa ana thamani kuliko rimu ya bei kubwa.

Utamjuaje? Fanya hivi, hata dukani kabla hujalipa. Shika spoku mbili mbili za upande wa kaseti, yaani lile fungu la meno ya gia za nyuma, zibane kwa vidole, zunguka gurudumu zima. Kisha zigonge kwa kucha usikilize. Za upande mmoja zilie karibu sauti moja. Ukikuta moja inalia kama uzi uliolegea na jirani yake inalia kali, lirudishe. Upande wa pili sauti itakuwa ya chini, na hilo si kosa la fundi: kaseti imechukua nafasi, spoku za upande wake zimesimama wima zaidi, kwa hiyo lazima zivutwe zaidi ili rimu ikae katikati ya fremu.

Zile nati ndogo zinazoshika spoku kwenye rimu, chagua za shaba ya manjano. Za alumini ni nyepesi, lakini kwa sisi tunaoishi na upepo wa chumvi, Kigamboni, Mombasa, Unguja, zinaliwa na kutu yake nyeupe, zinaganda kwenye spoku ya chuma, na siku unataka kunyoosha gurudumu zinapasuka kwenye spana.

Habu nimependa hii ya Shimano kwa sababu inafunguka. Ndani ni gololi na koni, yaani vile vyuma vya duara ambavyo gololi zinabiringika juu yake, basi. Nyuma zinaingia gololi tisa kila upande, za robo inchi, na za kipimo hicho hazina shida kupatikana. Ifungue msimu wa masika ukiisha, safisha, weka grisi mpya. Ukiacha maji na mchanga vikae humo, koni inapata vishimo, na koni yenye vishimo hairudi kuwa nzima.

Kabla ya kununua chochote, soma namba. Baiskeli zetu kubwa za Phoenix, ambazo ndugu zetu wa Kenya wana za aina yake wanaziita Black Mamba, zinaitwa inchi 28. Baiskeli ya lami inaitwa 700C, na wauzaji wengine nayo wanaiita 28. Ubavuni mwa tairi la Phoenix utakuta namba inayoishia na 635. Kwenye la baiskeli ya lami inaishia na 622. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi linapokalia rimu. Tofauti ni 13, na tairi la moja haliwezi kukaa kwenye nyingine. Upime na upana wa fremu nyuma, pale habu inapokaa: fremu za chuma za zamani zenye gia sita au saba ni milimita 126, za baadaye zenye breki za rimu ni 130, na za breki za diski ni habari nyingine kabisa.

Tairi: weka la upana wa milimita 28 kama fremu na breki vinaruhusu, na 32 kama vinaruhusu zaidi. Achana na 23. Tairi pana unalijaza kwa presha ndogo kuliko jembamba, lakini ndani lina nafasi kubwa ya upepo, na upepo huo ndio unaookoa rimu ukiparamia tuta ambalo hukuliona. Kwa mtu wa kilo 75 kwenye 28, mimi naanzia presha ya PSI 80 nyuma, mbele napunguza kidogo. Schwalbe Marathon Plus ina tabaka la kuzuia miiba na vioo lenye unene wa milimita 5. Ni zito, utalisikia kwenye kilima, lakini kwa anayepita pembeni mwa barabara penye vioo na vipande vya waya, mimi naona uzito huo ni halali.

Gia sitazichelewesha. Shimano Claris, gia nane nyuma, inatosha. Cheni yake ni nene kuliko ya gia 11, bei yake ni nafuu, na haigombi sana na vumbi. Pima cheni kwa rula: pingili 12 kamili (kila moja ni jozi, ya ndani na ya nje) ni milimita 304.8 ikiwa mpya. Ikivuka 307, badilisha kabla haijala meno ya kaseti.

Jambo moja ambalo wengi hawaliangalii ni ukuta wa rimu. Breki za raba zinaukwangua kila siku, na mchanga ukiingia kwenye raba zinakuwa msasa. Weka ukingo wa rula kwenye ukuta huo, hivi. Ukiona mwanga katikati, yaani ukuta umebonyea ndani, rimu imekwisha. Usiendelee nayo, kwa sababu ukuta ukipasuka ukiwa kwenye mteremko unaanguka. Raba zenyewe zikague kila wiki, na ukiona vipande vya alumini vinang'aa humo, vichokoe kwa sindano.

Na ukisukiwa gurudumu, mwambie fundi akupe spoku mbili za akiba kwa kila upande. Za upande wa kaseti ni fupi kwa milimita moja au mbili, kwa hiyo zitie alama, uzifunge kwa utepe kwenye fremu.

Atakayeniuliza hapo chini kuhusu baiskeli yake, aandike namba iliyo ubavuni mwa tairi, idadi ya matundu ya habu, na upana wa fremu nyuma. Nikiwa na hizo tatu nitakuambia ununue nini.